Kuchagua TV ya Mama

Mwezi uliopita nilishuka Luthuli na shilingi 17,000 kwenye M-Pesa, kazi ikiwa moja tu: kurudisha TV mezani kwa Mama, Kitale. Nasema kurudisha kwa sababu meza iko, kitambaa alichofuma kwa mkono kiko, TV ndiyo haipo tangu 2018. Nitafika hapo.

Jamaa wa duka la kwanza hata hakunisalimia. "Boss, digital ama smart?" Nyuma yake skrini kama ishirini zilikuwa zikionyesha ua moja likichanua polepole, ua la rangi kali ambazo hutawahi kuziona kwenye taarifa ya habari. Nikabaki nimesimama. Kwa sehemu kubwa ya historia ya nchi hii hakuna aliyeulizwa swali kama hilo.

TV ilifika Kenya 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru. Serikali ya mkoloni ilikuwa imeunda shirika la utangazaji, KBC, mwaka wa 1961, na mtambo wa kwanza wa kurusha picha ukawekwa kwenye nyumba ya shambani kule Limuru. Mawimbi yake yalifika kama maili 15. Chukua ramani uchore hilo duara uone nani alikuwa ndani: Nairobi, mashamba ya wazungu yaliyoizunguka, basi. Vijiji viliingia ndani ya duara pia, ila mawimbi yakipita juu ya nyumba isiyo na stima ni upepo tu.

1964 serikali mpya ikalitwaa shirika na kuliita Voice of Kenya, Sauti ya Kenya. Mombasa wakapata kituo chao 1970. Rangi ikaja 1978, mwaka uleule Mzee Kenyatta alifariki. Jina la KBC likarudi 1989, lakini serikali iliendelea kushika rimoti, hata kwenye zile TV ambazo hazikuwa na rimoti. KTN ilipoanza 1990 Nairobi ikaonja stesheni ya pili, na hata hiyo ilizaliwa katika nyumba ya Kenya Times, gazeti la KANU. Nation na Citizen zilikuja na TV zao 1999, mwaka niliozaliwa. Kwa hivyo kabla ya hapo mtu akinunua TV alikuwa ananunua fanicha inayoongea. Alichagua ukubwa, akachagua kabati la kuiweka, mengine aliletewa.

Yetu ya kwanza Baba aliinunua 2004. Great Wall, inchi 14, nyeusi na nyeupe. Kama ulikulia mashambani miaka hiyo unaijua. Hatukuwa na stima, ilitumia betri ya gari, na betri ilipelekwa sokoni kwa baiskeli kuchajiwa. Ikirudi, kulikuwa na bajeti: taarifa ya habari kwanza, Vitimbi ikibaki nafasi, sisi watoto tupewe dakika chache Jumamosi. Betri ikikaribia kuisha, picha ilijikunja kutoka pembeni, msomaji wa habari akawa mwembamba kama fimbo, halafu akawa kamstari, halafu akaenda. Majirani walikuja na viti vyao. Watoto waliambiwa waoshe miguu mlangoni. Sebule ile ilikuwa na lugha tatu au nne kila jioni na hakuna aliyeona ni kitu cha kusema.

Desemba 30, 2007 nilikuwa na miaka minane. Watu walijaa hadi mlangoni, na betri ilikuwa ya siku ya tatu. Ninachokumbuka ni Kivuitu, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, akisoma matokeo huku amebanwa katikati ya skrini. Baadaye sana, nikiwa mkubwa, nilisoma kwamba alisomea kwenye chumba chenye kamera za KBC pekee baada ya waandishi kuondolewa ukumbini KICC. Kibaki akaapishwa Ikulu muda mfupi baadaye, giza likiingia, na jioni hiyohiyo serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Kwetu hatukujua lolote kuhusu marufuku. Tulijua tu kwamba watu waliinua viti vyao kimyakimya, na kwamba familia mbili kati ya zile hazikurudi tena kutazama. Moja iliishia kambini. Baba aliacha kupeleka betri sokoni kwa miezi mingi. Sikuwahi kumuuliza kwa nini, na sasa hayupo wa kuulizwa.

Stima ilipotufikia tulipata ya pili, inchi 21, ya rangi, mtumba kutoka Uingereza, nzito kama gunia la mahindi. Tuliifurahia kidogo tu kabla Nairobi haijaamua kwamba haitoshi.

Hadithi ya digital wengi wetu tunaikumbuka kama usumbufu wa kununua king'amuzi. Ilikuwa vita ya nani atabeba mawimbi. Kenya ilizindua majaribio ya digital Desemba 2009 na kupanga kuzima analogia 2012. Tarehe ikasogezwa, watu wakaenda kortini. Leseni za kusambaza mawimbi ya digital zilikuwa zimepewa Signet, ambayo ni ya KBC, na PANG, kampuni ya Wachina. Mashirika makubwa ya habari, Nation, Standard na Royal Media, yakasema hayatakabidhi kazi yao kwa mtu mwingine aibebe, yanataka mtambo wao. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Juu. Februari 14, 2015 mitambo yao ya analogia ikazimwa, na NTV, KTN, Citizen na QTV zikapotea kwa karibu wiki tatu.

Pande zote zilizungumza kwa niaba ya mtazamaji. Mtazamaji mwenyewe, yaani Mama, alitoa pesa za chama akanunua king'amuzi ili TV aliyokuwa tayari ameilipia iendelee kuwa TV.

Halafu Januari 30, 2018, siku Raila alipojiapisha Uhuru Park. Citizen, Inooro, NTV na KTN News zikazimwa. Korti iliamuru zirudishwe, na bado ilichukua siku kadhaa. Mama alifikiri ni antena. Akaita fundi, fundi akapanda juu ya nyumba, akageuza antena upande wa Mlima Elgon, akaigeuza upande wa mjini, akashuka akasema waya umeliwa na panya. Akalipwa mia mbili. Citizen iliporudi, fundi akapita kuuliza kama kazi yake imekaa sawa. Tulicheka sana, lakini ukifikiria, mtu wa serikali alibonyeza kitu Nairobi na mama mmoja Kitale akatoa mia mbili kutafuta kosa kwake mwenyewe.

Agosti mwaka huo niliitwa chuo kikuu. Pesa ya kujisajili ilipungua kidogo, kile kiasi kidogo ambacho huwezi kuendea benki na huwezi kukipuuza. TV ikauzwa, na king'amuzi chake. Mimi ndiye niliyeibeba hadi kwa mnunuzi. Miaka miwili na nusu baadaye niliacha masomo, karo ikiwa imenishinda, na Mama hajawahi hata siku moja kutaja TV. Anaenda kutazama habari kwa jirani, kama vile majirani walivyokuja kwetu.

Huko kwa jirani ndiko alikokuwa Juni 25, 2025, mwaka mmoja tangu vijana waingie Bunge. Nilikuwa mjini. Mamlaka ya mawasiliano iliagiza matangazo ya moja kwa moja ya maandamano yakome, na NTV, KTN na Citizen zikazimwa hewani. Sisi wenye simu tuliendelea kuona. Stesheni zilikuwa bado zinarusha YouTube. Korti ilisimamisha agizo siku hiyohiyo, matangazo yakarudi usiku. Lakini kwa Mama, mchana ule, alikuwa anatazama barabara ambayo mtoto wake alikuwa ndani yake, kisha barabara ikawa nyeusi. Simu yangu ilikuwa imezima chaji. Nilipoiwasha kulikuwa na simu kumi na nne ambazo sikuzipokea.

Wiki iliyofuata nilianza kuweka kando pesa za makala.

Kwa hivyo, boss, digital ama smart? Nitakueleza nilivyopiga hesabu. Ile wanayoita digital ina kipokezi cha ndani, kinachofuata mfumo wa T2 tunaotumia Kenya. Unachomeka antena, unatafuta stesheni, za bure zinaingia bila king'amuzi na bila malipo ya mwezi. Inchi 32 ilikuwa 11,500. Smart inataka intaneti, na kwa Mama hakuna waifai, kuna simu yangu ya zamani na bando za shilingi ishirini. Wenye akili wangechukua digital na kubakisha chenji. Lakini digital ndiyo hasa ile inayoweza kuzimwa kutoka mbali. Nilitaka zote mbili ndani ya kioo kimoja.

Ziko, ila usiamini karatasi iliyobandikwa. Nilimwambia jamaa ageuze TV nione tundu la antena, kisha alete antena aichomeke. Akanuna. "Customer, si imeandikwa hapo?" Nikasubiri. Smart mbili za kwanza hazikupata stesheni hata moja. Ya tatu ilipata nyingi, na nilipoona KBC ikitokea kwenye nafasi ya kwanza nikajua tumefika. Tulishindana bei hadi 15,500.

Nilisafiri nayo usiku, imesimamishwa katikati ya magoti yangu, maana kondakta alitaka kuiweka chini na mifuko ya vitunguu. Mama aliipokea kwa mikono miwili. Alitafuta pa kuweka kitambaa, akazunguka mbele, akazunguka nyuma. TV ya siku hizi haina kichwa. Mwishowe alikitandika chini yake.

Jioni, baada ya taarifa ya habari, aliuliza, "Na wakiizima tena?" Nikamwonyesha jinsi ya kuwasha hotspot kwenye simu na kuingia YouTube. Akaleta daftari la chama na kalamu, akaandika hatua kwa hatua, akinisimamisha kila nikienda mbio. Hatua ya tano aliiandika bila kuniuliza: ikikataa, mpigie mtoto.