Kibati cha Fimbo na Wafungwa wa Ngome ya San Marcos

Katika maduka ya hifadhi za taifa za Marekani huuzwa kibati kidogo cha chuma, kilichopindwa ili kikae vizuri kwenye mti wa mviringo. Mtembezi hukipigilia kwa misumari midogo kwenye fimbo yake. Kila anapofika mahali papya huongeza kingine, hata fimbo ikajaa safari zake. Wapanda milima wa Ujerumani na Austria nao wana desturi hiyo. Insha hii inakitazama kibati cha ngome ya Castillo de San Marcos, mjini St. Augustine, jimbo la Florida, na inadai kwamba biashara ya vitu vya ukumbusho katika ngome hiyo ina historia nzito ambayo kibati hakiwezi kuibeba.

Wahispania waliijenga ngome hiyo kuanzia mwaka 1672 hadi 1695. Jiwe lake ni kokina, yaani makombe ya baharini yaliyogandamana. Kombora la mzinga likilipiga, jiwe halipasuki, bali kombora huzama ndani yake. Waingereza waliizingira mwaka 1702 na tena 1740, wasiiteke. Watumwa waliotoroka Carolina walipata uhuru huko kwa amri ya mfalme wa Hispania ya mwaka 1693, mradi wakubali Ukatoliki, na mwaka 1738 wakapewa makazi yao, Mose, kaskazini ya ngome. Kwao kuta hizo zilikuwa kinga.

Kwa wengine zilikuwa gereza. Marekani iliichukua Florida mwaka 1821, na miaka minne baadaye ikaiita ngome hiyo Fort Marion. Mwezi Mei 1875 wakaletwa huko wafungwa zaidi ya 70 kutoka nyanda za magharibi: Wacheyenne, Wakiowa, Wakomanche, Waarapaho. Walisafirishwa kwa minyororo, na hakuna mahakama iliyowahukumu. Msimamizi wao, Richard Henry Pratt, aliwakata nywele, akawavisha sare za jeshi na kuwafundisha Kiingereza.

St. Augustine ulikuwa mji wa watalii, nao walitaka kitu cha kurudi nacho nyumbani. Wafungwa wakasugua meno ya mamba na mbegu zinazoletwa na mawimbi mpaka zing'ae. Wengine, kama Zotom na Howling Wolf, walichora vitabu vizima vya picha: uwindaji wa nyati, vita, safari ya kuja, na wao wenyewe ndani ya ngome. Vitabu hivyo viliuzwa kwa wageni.

Ipo hoja kwamba mauzo hayo ni ushahidi wa wema wa Pratt, kwa kuwa wafungwa walilipwa. Ni kweli walilipwa, lakini mnunuzi alitoka langoni jioni na muuzaji akabaki. Tena wema huo ulikuwa na mwendelezo. Wafungwa waliachiliwa mwaka 1878, na mwaka uliofuata Pratt akafungua shule ya Carlisle, Pennsylvania, kwa watoto waliotolewa mbali na jamaa zao na kukatazwa kusema lugha zao. (Sisi tuliosoma shule ambako mtoto alivishwa kibao shingoni kwa kusema lugha ya nyumbani hatuhitaji kuelezwa sana jambo hili.)

Kwa mwanahistoria, basi, picha za wafungwa ni chanzo bora kuliko kibati, ingawa vyote viwili vilitengenezwa ili viuzwe. Kibati huonyesha ngome jinsi mgeni anavyoiona akiwa nje. Zotom aliichora akiwa ndani.

Kuna na suala la jina. Mwaka 1942 ngome ilirudishiwa jina lake la Kihispania, na ndilo mtembezi analoligongomea fimboni. Anayezitafuta picha za wafungwa katika makumbusho ya Marekani hana budi kuulizia Fort Marion.