Kikundi Kinachoficha Majina, Unakipataje?

Mwaka jana mwenzangu mmoja wa maabara aliniuliza kwa sauti ya chini: "Hivi mtu akitaka kuacha pombe, sisemi kulazwa, nasema kukaa tu na wenzake walioacha, anaanzia wapi?" Sikuwa na jibu. Nikafanya tunachofanya watu wa masomo tukikosa jibu, nikaenda kusoma historia. Kumbe swali lake lina miaka karibu 90, na mmoja wa waliojiuliza mapema alikuwa amesimama kati ya simu na baa.

Ilikuwa Mei 1935, mjini Akron, jimbo la Ohio, Marekani. Bill Wilson, dalali wa hisa kutoka New York, alikuwa amefuata dili huko na dili likafa. Alikuwa na miezi mitano tu bila kugusa pombe. Kwenye ukumbi wa hoteli ya Mayflower, upande mmoja kulikuwa na baa, upande wa pili simu na orodha ya makanisa. Sasa, miezi yote ile mitano alikuwa akiwafuata walevi wa New York awashawishi waache. Hakufanikiwa hata kwa mmoja, ila yeye mwenyewe alikuwa hajanywa. Pale hotelini ndipo akang'amua kwamba hahitaji mshauri. Anahitaji mlevi mwenzake wa kuongea naye, tena leo.

Akampigia mchungaji mmoja. Akapewa majina, jina likazaa jina, mpaka akampata Henrietta Seiberling, mama ambaye hakuwa mnywaji, ila yeye na wenzake wa sala walikuwa wakimwombea daktari wa upasuaji aitwaye Robert Smith. Wawili hao walikutana kwake tarehe 12 Mei. Daktari alikuja kichwa kikimgonga kwa pombe ya jana yake, akasema anakaa dakika 15 tu. Waliongea kama saa 6. Baadaye daktari alieleza kwamba kuhusu ulevi alishasoma mengi, lakini huyu alikuwa wa kwanza kumwongelesha akiwa anayajua kwa kuyapitia.

Daktari aliteleza mara moja zaidi, kisha akaacha moja kwa moja. Tarehe 10 Juni 1935, inayohesabiwa kuwa siku aliyokunywa mara ya mwisho, ndiyo huadhimishwa kama siku ya kuzaliwa kwa Alcoholics Anonymous, yaani walevi wasiotajwa majina. Na mtu wa tatu walimpataje? Daktari alipiga simu hospitali akamuuliza muuguzi kama wana mlevi. Wanaye, tena katoka kupiga wauguzi! Alikuwa mwanasheria. Naye akaacha.

Ila angalia tatizo linaloanzia hapo. Watu hawa walificha majina kwa sababu za msingi: mlevi wa wakati ule akijulikana angeweza kupoteza kazi na heshima. Lakini anayejificha wenye shida hawamwoni. Kwa miaka kadhaa kikundi kilikua kwa mtu kumvuta mtu, polepole mno. Kitabu chao cha 1939 kilianza kwa kusuasua sokoni. Kilichofungua mlango ni makala ya Jack Alexander katika jarida la Saturday Evening Post, Machi 1941. Barua zikamiminika ofisi yao ndogo ya New York, na wanachama wakapanda kutoka takriban 2,000 hadi 8,000 kabla mwaka haujaisha. Miji isiyokuwa na kikundi ilifikiwa hata na wanachama wachuuzi waliosafiri kikazi wakiwa na orodha ya majina mfukoni. Hiyo ndiyo intaneti yao.

Hapa kwetu hatua zao 12 zimeingia pia kwa mlango mwingine: nyumba za upataji nafuu, soba hausi kama tunavyoziita. Huko Zanzibar zilianza hasa kwa ajili ya waraibu wa heroini, na waliopata nafuu ndio hupokea wapya.

Je, inasaidia kweli? Mapitio ya Cochrane ya 2020 yalikusanya tafiti 27 zenye washiriki 10,565. Mwaka mmoja baada ya matibabu, 42% ya waliosaidiwa kujiunga na vikundi hivi walikuwa hawanywi kabisa, dhidi ya 35% ya waliopata tiba nyingine kama ya kurekebisha fikra na tabia. Si muujiza, ila ni tofauti ya maana kwa kitu cha bure. (Mnywaji mzito asiache ghafla bila daktari, lakini. Mwili unaweza kuingia degedege, na watu hufa.)

Utafiti ulionigusa zaidi ni mdogo sana, wa 1981, wagonjwa 20 tu. Nusu waliambiwa mikutano iko wapi na saa ngapi. Nusu nyingine walipigiwa simu mwanachama palepale, naye akajitolea kuwasindikiza. Kundi la pili walihudhuria wote. Kundi la kwanza hakuenda hata mmoja.

Na mimi kumbe nilikuwa nimeshamwandikia mwenzangu anwani kwenye karatasi. Nikatafuta namba ya mtu aliyemo kikundini, tukakaa wawili nje ya maabara tukapiga. Ilipokelewa mara ya tatu.