Kwa nini kukaa muda mrefu bila kazi hupunguza nafasi ya kuajiriwa

Nchini Marekani, anayetafuta kazi kwa wiki 27 au zaidi huhesabiwa kuwa amekosa ajira kwa muda mrefu. Nafasi yake hupungua kwa sababu mbili: wanaotakiwa zaidi na waajiri huondoka mapema katika kundi la watafutaji, na muda wenyewe hudhuru, kwani ujuzi hufifia na mwajiri huingiwa na shaka.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, Kory Kroft na wenzake walituma maombi ya kubuni yapatayo 12,000 katika miji 100 ya nchi hiyo, wakipanga muda wa kukosa kazi kwa bahati nasibu. Walioitwa na waajiri walipungua hasa katika miezi 8 ya mwanzo. Upungufu ulikuwa mkubwa zaidi palipokuwa na kazi nyingi, ambako kukosa kazi humtia mwajiri shaka zaidi.