Mnana wa Lufira na Bugenvilia ya Kolwezi

Historia ya ukanda wa shaba wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, unaotoka Lubumbashi, ukapita Likasi hadi Kolwezi, huandikwa zaidi kwa tani za madini na majina ya makampuni, ilhali inasomeka pia katika viumbe viwili vilivyoguswa na machimbo hayo: mnana wa Lufira, ndege mdogo mwimbaji wa ukoo wa wafuma viota, na bugenvilia, kichaka cha mapambo chenye miiba.

Bugenvilia ni mgeni kutoka Amerika ya Kusini, ambaye mtaalamu wa mimea Philibert Commerson alimkusanya Brazili katika safari ya meli za Louis-Antoine de Bougainville ya 1766 hadi 1769. Kolwezi, iliyojengwa mwaka 1937 kuwa makao ya machimbo ya magharibi ya kampuni ya madini ya Union Minière, iligawanywa kati ya mitaa ya Wazungu, yenye nyumba za bustani, na makambi ya wafanyakazi, na mimea ya mapambo ya aina hii ilikuwa sehemu ya sura ya mpaka huo. Kwa kuwa huoteshwa kwa vipandikizi, yaani vipande vya matawi, bugenvilia hufika popote mtu anapoipeleka, na hunawiri hata kiangazi.

Mnana hana uhuru huo, maana hufuma kiota chake juu ya maji. Mwaka 1930 lambo la Mwadingusha, lililojengwa ili kuipatia Union Minière umeme, liliuzuia mto Lufira na kufanya ziwa Tshangalele lenye vinamasi vipana. Lambo halikumuumba ndege huyu, kwa kuwa lazima aliishi kwanza mahali fulani bondeni. Hata hivyo ni kwenye ziwa hilo la kampuni ambapo mtaalamu wa wanyama Jean-Claude Ruwet alimpata mwaka 1960. Mwaka 1982 wataalamu wa ndege Michel Louette na Constantine Benson walimpa jina la kisayansi, Ploceus ruweti, na mwaka huohuo UNESCO ikaitambua Lufira kuwa hifadhi ya bayongahewa, yaani eneo ambalo uhifadhi na maisha ya watu hupangwa pamoja.

Bugenvilia ikikatwa Kolwezi, itapandwa tena kesho. Mnana huyu hajulikani kwingineko duniani ila katika bonde la Lufira, na kwa sababu hiyo ndiye anayestahili kutajwa kwanza kila historia ya shaba inapoandikwa.