Kusoma na Kutii: Biblia Mikononi mwa Semei Kakungulu, Jinja na Mbale

Makala haya yametokana na swali ambalo wanafunzi wetu huliuliza kila tufikapo kwenye mada ya historia ya Kiswahili nchini Uganda: kabla Kiswahili hakijawa lugha ya kambi za jeshi na vituo vya polisi, kilikuwa na kazi gani huku kwetu mashariki? Aghalabu sisi walimu hujibu kwa kutaja misafara ya pembe za ndovu, kisha tunaendelea na mada nyingine. Jibu hilo si kosa ila limepunguka. Kiswahili kilikuwa pia lugha ya kusomea Biblia, na wako watu walioyachukua maneno waliyoyasoma wakayapima nayo maisha yao wenyewe. Matokeo yake yanaonekana hadi leo kati ya Jinja na Mbale.

Tuanze na neno moja. Katika Luganda kitenzi okusoma kina maana ya kusoma kitabu, na pia kina maana ya kwenda kusali. Wakristo wa kwanza wa Buganda waliitwa abasomi, yaani wasomaji. Msomi kwa Kiswahili cha leo ni mtu mwenye digrii. Msomi wa mwaka 1885 alikuwa mtu aliyeweza kuuawa kwa sababu ya kile alichokisoma. Alexander Mackay wa Church Missionary Society, aliyefika Buganda mwaka 1878, alianza kufundisha kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha iliyokuwa na maandiko tayari, hasa kazi ya Askofu Edward Steere wa Zanzibar. Wabatizwa watano wa kwanza wa misheni hiyo, tarehe 18 Machi 1882, walitoka katika madarasa hayo. Mackay alitamani Kiswahili kiwe lugha moja ya Afrika ya kati yote. Askofu Alfred Tucker, aliyekuja baadaye, aliandika waziwazi kwamba jambo hilo Mungu apishe mbali: kwake yeye Kiingereza kilimaanisha Biblia na Uprotestanti, na Kiswahili kilimaanisha Uislamu. Hukumu hiyo imekigharimu Kiswahili sana katika nchi hii, lakini hayo ni ya makala nyingine.

Ukitoka Jinja kuelekea mashariki kando ya ziwa utafika Bunya, katika wilaya ya Mayuge ya leo. Huko ndiko Askofu James Hannington alikokamatwa mwezi Oktoba 1885 katika mji wa chifu Luba, akafungiwa siku nane, akauawa tarehe 29 Oktoba kwa amri ya Kabaka Mwanga pamoja na wengi wa wapagazi wake. Kosa lake lilikuwa kuja kwa njia ya mashariki, njia ambayo Buganda iliihofu. Alipokuwa kifungoni, mgonjwa na mwenye kuchungulia mauti, aliendelea kuandika shajara yake. Siku ile ya mwisho aliandika kwamba Zaburi ya 30 ilimjia kwa nguvu na kumshikilia. Mwenye Biblia na aifungue zaburi hiyo aone: ni shukrani ya mtu aliyekwisha kupona, aliyetolewa shimoni. Hannington alikuwa bado shimoni. Hakuisoma kama habari ya Daudi, aliisoma kama habari yake, na kwa hesabu ya kawaida alikosea, kwa kuwa hakutoka. Sidhani kwamba mwenyewe angekubali hesabu hiyo.

Katika vitabu vyetu vya shule wale wapagazi hutajwa kwa sentensi moja. Walikuwa watu wa pwani, na lugha yao ya safari ilikuwa Kiswahili. Kasisi Mwafrika wa msafara, William Jones, aliyewahi kuwa mtumwa na kusomeshwa India, alikuwa ameachwa nyuma Kwa Sundu, mahali panapoitwa Mumias leo. Alipopata habari alingoja, kisha akawarudisha waliobaki hadi Rabai, karibu na Mombasa, mnamo Februari 1886. Mbele ya msafara ule wa watu waliochoka ilikwenda bendera ya buluu iliyoshonewa herufi nyeupe: Ikabodi. Ni jina la mtoto katika Samweli wa Kwanza, sura ya 4, aliyezaliwa siku Sanduku la Agano lilipotekwa, na maana yake ni kwamba utukufu umeondoka. Jones hakuhitaji kuhubiri. Aliyejua kusoma pale Rabai alielewa kabla hajaambiwa neno.

Bunya iliwapoteza wasomaji wengine pia. George Pilkington, ambaye pamoja na Henry Wright Duta na wenzake aliikamilisha Biblia nzima ya Luganda iliyotoka mwaka 1896, alipigwa risasi huko huko kwenye ngome ya Luba mnamo Desemba 1897, wakati wa maasi ya askari wa Kisudani. Biblia ile ilikuwa nene na fupi, imepimwa iingie katika mkebe wa biskuti ili mchwa wasiile. Kwa mkebe huo Luganda ikawa lugha ya kanisa Busoga na Bugisu, jambo ambalo Wasoga na Wagisu hawakulifurahia kila mara. Biblia nzima kwa Lusoga imengoja hadi karne ya 21.

Sasa nimfikie mtu ambaye kwa ajili yake nimeyaandika haya. Semei Kakungulu alizaliwa Kooki mwishoni mwa miaka ya 1860. Aliingia dini katika miaka ya 1880, na inasimuliwa kwamba mmisionari aliyemfundisha alimsomesha Biblia kwa Kiswahili. Baadaye akawa jemadari wa Waprotestanti katika vita vya dini vya Buganda, na mwaka 1899 alikuwa miongoni mwa waliowakamata Mwanga na Kabalega. Mpinzani wake mkubwa, Apolo Kagwa, alikwisha kumshinda katika siasa za Mengo, hivyo Kakungulu akageukia mashariki. Aliteka nchi, akajenga ngome Budaka, akapanda miti kando ya barabara alizozifungua, naye akitumaini Waingereza watamfanya mfalme wa Bukedi. Hawakumfanya. Mwaka 1902 walimwondoa Budaka, wakampa maili za mraba 20 chini ya Mlima Elgon, na mahali alipojenga pakawa mji wa Mbale. Mwaka 1906 walimhamishia Jinja awe rais wa Lukiiko ya Busoga. Alikaa katika kazi hiyo hadi mwaka 1913, kisha akarudi Mbale bila ufalme wowote.

Wanahistoria, na Michael Twaddle ndiye aliyemchunguza kuliko wote, wameeleza vizuri uchungu huo wa kisiasa. Ni rahisi basi kusema kwamba yaliyofuata yalikuwa hasira tu ya mtu aliyenyimwa cheo. Mimi naona maelezo hayo hayatoshi, kwa sababu mtu mwenye hasira ana njia nyingi za kukasirika, na njia aliyoichagua Kakungulu ilikuwa ya kuumiza mwili.

Kwanza alijiunga na Wamalaki. Kundi hili, kwa jina lake rasmi Katonda Omu Ayinza Byonna, yaani Mungu Mmoja Mwenye Kuweza Yote, lilianzishwa Buganda mwaka 1914 na chifu Joswa Kate Mugema pamoja na mwalimu Malaki Musajjakawa. Walikataa dawa za hospitali na za waganga wa kienyeji pia, wakisema kwamba Mungu ndiye mponyaji peke yake. Wakaishika Sabato siku ya Jumamosi, wakabatiza watu bila kuwapitisha katika madarasa marefu ya misheni. Makumi ya maelfu waliwafuata. Jambo la kuzingatia ni kwamba hawa hawakuwa watu wa kuikimbia Biblia, bali waliikamata kwa nguvu zaidi ya wale waliowaletea. Misheni ilikuwa imewaambia kila mtu na ajisomee, nao wakajisomea.

Kakungulu alisoma zaidi yao. Alipofika Mwanzo sura ya 17, Ibrahimu anaamriwa kutahiriwa yeye na wanaume wote wa nyumba yake, na jambo hilo linaitwa agano la milele. Kakungulu hakuona mahali penye neno linaloifuta ile milele. Mwaka 1919 alitahiriwa, yeye mtu mzima wa miaka hamsini hivi, pamoja na wanawe. Inasimuliwa kwamba Wamalaki wenzake walimkanya, wakimwambia kuwa hiyo ni desturi ya Wayahudi wasiomwamini Yesu, naye akajibu kwamba kama ni hivyo, tangu siku hiyo yeye ni Myahudi. Akaondoka nao, akakaa Gangama karibu na Mbale na wafuasi wake, ambao wakaitwa Abayudaya.

Hapa mwalimu wa tafsiri hana budi kusimama kidogo. Neno agano kwa Luganda ni endagaano. Endagaano Enkadde ni Agano la Kale. Lakini endagaano ni neno la sokoni na shambani vilevile: ukinunua kiwanja Jinja leo mnaandikiana endagaano mbele ya mashahidi. Tena mkataba wa mwaka 1900 baina ya Waingereza na Buganda, ule uliowagawia wakuu ardhi kwa maili, jina lake kwa Luganda ni Endagaano ya mwaka 1900. Kakungulu alikuwa ameishi miaka 20 akingoja endagaano za wanadamu zitimizwe. Anapofungua Mwanzo anakuta neno lile lile, ila safari hii mwenye kuahidi ni Mungu, anachoahidi ni nchi na uzao, na sahihi yake inawekwa mwilini ambako ofisa wa wilaya hawezi kuifuta. Siwezi kuthibitisha kwamba ndivyo alivyowaza. Lakini msomaji wa Kiingereza, mwenye neno moja la mkataba wa shamba na jingine la agano la Ibrahimu, hapati mshtuko huo. Luganda ilimpa mshtuko huo bure.

Kuna jambo jingine ambalo hupitwa. Waganda hawakuwa na mila ya kutahiri. Mfalme wao aliwahi kuwachukia wanaotahiriwa. Bugisu ni kinyume. Huku tohara, yaani imbalu, ndiyo humtoa kijana katika utoto, hadharani, bila kupepesa jicho, na haijawahi kuhitaji aya ya kitabu. Kakungulu aliyashika mambo ya Ibrahimu akiwa katikati ya watu ambao tayari waliheshimu kisu. Hata hivyo aya yenyewe ilitaka mtoto wa siku nane, si kijana wa miaka 18. Mgisu aliyeingia Uyahudi alilazimika kuchagua kisu kipi kimfae mwanawe, na uchaguzi huo haukuwa mwepesi mbele ya wajomba.

Mwaka 1920 alipita Myahudi mgeni anayekumbukwa kwa jina la Yosef tu, akakaa nao miezi kadhaa akiwafundisha kalenda, sikukuu na namna ya kuchinja. Mwaka 1922 Kakungulu alitoa kitabu cha kurasa 90 kwa Luganda, Ebigambo ebiva mu kitabu ekitukuvu, yaani maneno yatokayo katika kitabu kitakatifu, chenye sala na maagizo kwa jamaa yake. Mabaki ya Ukristo hayakuondoka kwa siku moja, wala hakuna sababu ya kushangaa. Alifariki tarehe 24 Novemba 1928.

Kanisa nalo lilipata msukosuko wake wa kusoma. Mwaka 1929, juu ya kilima cha Namirembe, Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church walikaa siku mbili na Biblia, na kutokana na mkutano ule na mambo ya Gahini huko Rwanda, uamsho wa Balokole ukaenea hadi huku kwetu. Kwa Mlokole kutembea nuruni, kama isemavyo 1 Yohana 1:7, kulimaanisha kusimama mbele ya watu na kutaja ulichoiba, kisha kukirudisha. Watu wamewacheka Balokole kwa mengi, lakini mwenye duka aliyerudishiwa fedha zake hakucheka.

Abayudaya walipungua sana baada ya Kakungulu. Idi Amin alipiga marufuku ibada zao; walisali kwa kujificha, wakabaki mamia tu. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na jioni ya siku hiyo hiyo ndiyo Pasaka ya Kiyahudi ilipoanza. Kwa watu waliozoea kuisoma Kutoka kama barua iliyoandikiwa wao, hakukuwa na haja ya mfafanuzi. Mwaka 2002 marabi kutoka nje waliwapokea rasmi mamia yao katika Uyahudi, na mwaka 2008 Gershom Sizomu wa kilima cha Nabugoye akawekwa kuwa rabi baada ya masomo yake Marekani. Wapo pia Namutumba, ndani ya Busoga.

Tangu Baraza la Mawaziri lilipopitisha mwaka 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima shuleni, idara nyingi zinatafuta matini za kufundishia zinazohusu Uganda yenyewe. Ningependekeza wanafunzi wapewe Mwanzo 17 kwa Kiswahili, Luganda na Lumasaaba, waandike orodha ya kila mahali ambapo neno agano limetumika, kisha wapande matatu hadi Gangama. Kaburi la Kakungulu lipo. Maandishi yake yanamtaja kuwa jemadari mshindi na chifu wa saza, mtawala wa jimbo la mashariki, na rais wa Busoga kuanzia mwaka 1906 hadi 1913. Juu ya sura ile ya 17 hayasemi kitu.