Rughenda: juu ya nini pikipiki za zamani bado zina wapenzi wao

Jumapili, kisha misa, mukipita Rughenda upande wa kiwanja cha ndege, mutasikia mlio ambao si wa TVS wala wa Boxer. Ni mlio mkavu, wa juu, na nyuma yake unafuata moshi wa buluu. Hiyo ni Yamaha DT 125 ya zamani, ama AG 100. Ikisimama, mara nyingi kando yake kuko wanaume wawili watatu wamechutama, mikono myeusi kwa oili, karbirateri imelazwa juu ya kipande cha karato. Hakuna mteja anayengoja, na hakuna anayelipwa. Wamekuja tu kuifungua na kuifunga tena.

Wapita njia wanauliza: mtu anayeweza kukusanya makuta akanunua mpya, juu ya nini anapoteza siku yake na chuma cha zamani? Tumejaribu kupanga majibu hapa chini, pamoja na mambo ambayo wapenzi wenyewe hawapendi sana kuyasema.

Zilitoka wapi?

Nyingi ziliingia kwetu kupitia misioni, kazi za kilimo na wafanyakazi wa afya waliopeleka chanjo vijijini. AG 100 ilitengenezwa kwa ajili ya wakulima: cheni yake imefunikwa kabisa ili matope yasiingie, na iko na kibebeo cha mizigo mbele na nyuma. DT 125 ni ya njia mbaya. Iko juu, haina uzito mkubwa, na inaruka mashimo bila kuvunja mgongo wa dereva. Zote mbili ziko na moteri ya mipigo miwili, ile inayochoma esansi pamoja na oili yake. Ndiyo sababu ya ule moshi.

Kundi lingine ni la Honda CG 125, iliyotoka mwaka 1976. Mainjinia wa Honda walikuwa wameona kwamba katika inchi nyingi watu wanabeba mizigo kupita kiasi na hawabadilishi oili kwa wakati. Basi nafasi ya ile cheni ndogo ya ndani inayoendesha vali, wakaweka fimbo za chuma zinazozisukuma kutoka chini. Haikimbii sana, lakini inavumilia. Kisha Wachina waliiga moteri hiyo katika pikipiki nyingi sana. Fundi aliyejifunza CG moja anaweza kufungua moteri nyingi za Kichina bila kuogopa.

Mashine inayoeleweka

Sababu ya kwanza ndiyo hii: pikipiki ya zamani inaeleweka. Moteri ya mipigo miwili haina vali. Pistoni yenyewe, ikipanda na kushuka, inafungua na kufunga matundu ya silinda. Mtu mwenye funguo chache, bisibisi na ufunguo wa buji anaweza kuteremsha kichwa cha moteri, kutazama segimenti (zile pete za chuma zinazozunguka pistoni), na kuona ugonjwa kwa macho yake.

Silinda ya DT 125 iko na upana wa milimita 56. Ikichakaa haitupwi. Fundi wa kukereza vyuma anaipanua kidogo, na mwenye pikipiki anatafuta pistoni iliyozidi kwa milimita 0.25, mara nyingine 0.50. Kisha hapo mashine inarudi kuwa na nguvu. Kwa mpenzi wa kazi hii, siku ile inapowaka kwa teke la kwanza ni furaha ambayo dukani haiuzwi.

Milima yetu inafundisha

Butembo iko juu, kwenye mita zaidi ya 1,700. Ziwa Edouard liko chini, kwenye mita 900 na kitu. Huku juu hewa ni nyepesi, basi karbirateri inatia esansi nyingi kuliko hewa: buji inakuwa nyeusi, moteri inakohoa. Dawa ni kubadilisha jikleri, kile kipande kidogo cha shaba chenye tundu la kupitisha esansi, uweke yenye tundu dogo zaidi. Lakini ukiteremka ziwani na jikleri hiyo ndogo, hewa inakuwa nyingi na esansi kidogo, na moteri inapata joto kali.

Hilo nalijua vizuri. Nilipokuwa kijana niliteremka Kyavinyonge na DT ya baba mdogo wangu. Nilifunga gazi na kuacha moteri izuie mwendo kwenye mteremko mrefu, na sikujua kwamba katika moteri ambayo oili imechanganywa ndani ya esansi, gazi ikifungwa na oili haifiki. Pistoni ilishikamana na silinda, gurudumu la nyuma likagoma kuzunguka, nikajikuta ndani ya majani. Baba mdogo hakunigombeza. Aliniambia nifungue mimi mwenyewe, naye akakaa pembeni akitazama. Toka siku hiyo nasikiliza moteri kabla ya kusikiliza dereva.

Ukiharibikiwa njiani

Sababu ya pili haina mchezo. Huku kwetu, kuharibikiwa njiani si jambo dogo. Kwenye barabara ya Beni kwenda Kasindi, ama ile ya Butembo kwenda Manguredjipa, kubaki peke yako porini wakati jua linazama kunaweza kukugharimu zaidi ya pikipiki. Mtu anayejua mashine yake anasikia mapema kwamba cheni inalalamika ama buji inachoka. Ikizimika, anajua pa kuanzia: esansi, buji, moto wa umeme. Mara nyingi shida ni uchafu ama maji katika esansi ya chupa ya kadafi, na karbirateri inasafishwa kando ya njia kwa dakika chache.

Na piesi je? Tangu M23 ilipoingia Goma Januari 2025, macho ya wachuuzi wa Butembo yanaelekea zaidi Kasindi na Kampala. Piesi za TVS na Boxer zinapatikana kirahisi. Za Yamaha ya zamani zinatafutwa. Hapo ndipo wapenzi wanakuwa kama jamaa moja: huyu iko na silinda, yule iko na mashine iliyokufa ya kutolea vipande, mwingine anamjua fundi anayekereza vyuma. Kipande kisichouzwa kinatengenezwa.

Tuseme ukweli wa makuta

Kwa teksi-moto ya kila siku, pikipiki ya zamani ya mipigo miwili si shauri zuri. Inakunywa esansi nyingi, inataka oili yake kila safari, na siku inayolala kwa fundi haileti verisema. TVS na Boxer ndizo zinalisha jamaa nyingi hapa, na hakuna mpenzi wa DT anayeweza kukataa. Pikipiki ya zamani inamfaa mtu mwenye safari zake mwenyewe: mwalimu, mkulima, muuguzi, mtu wa shamba la mbali.

Tena makuta yanatoka kidogo kidogo. Leo segimenti, mwezi ujao tairi. Asiyeweza kulipa mpya kwa mara moja, wala hataki kuingia deni, anaona njia hapo. Lakini akijumlisha kwa mwaka, asishangae kama hesabu inapanda.

Mambo ya kuangalia kabla ya kuipenda

Freni kwanza. Pikipiki za zamani ziko na freni za ngoma, na zikilowa maji hazishiki vizuri. Moteri ya mipigo miwili nayo haizuii mwendo sana kwenye mteremko. Anza na freni, tairi na taa, ndipo uende kwenye nguvu ya moteri.

Oili isikisiwe kwa macho. Kama pikipiki haina pompe yake ya oili, changanya kwa kipimo cha aliyeitengeneza. Kwa moteri nyingi ni lita 1 ya oili kwa lita 20 hadi 50 za esansi. Ikipungua, pistoni inashikamana. Ikizidi, moshi unajaa na buji inachafuka. Usiwashe moteri ndani ya nyumba iliyofungwa.

Karatasi nazo. Linganisha namba iliyochongwa kwenye chuma cha pikipiki na ile iliyo kwenye karatasi zake. Zisipolingana, acha, hata kama bei ni tamu.

La mwisho ni watoto. Jumapili hapo Rughenda, nyuma ya wale wanaume walioinama, kuko kila mara watoto wawili watatu wanaoshika funguo. Wanatumwa: leta namba kumi, leta kitambaa. Usiwafukuze. Mpe mmoja buji aisafishe, umuonyeshe rangi yake, umwambie rangi hiyo maana yake nini.