Fidia kwa Mabwana: Jamaika 1834, Unguja 1897

Howe Peter Browne, Markwisi wa pili wa Sligo, alirithi cheo mwaka 1809 pamoja na ardhi kubwa ya Westport, magharibi mwa Ayalandi. Kwa upande wa nyanya yake alirithi pia mashamba mawili ya Jamaika, Kelly's na Cocoa Walk, na watumwa wake. Ujanani alifungwa miezi minne katika gereza la Newgate kwa kuwarubuni mabaharia wa jeshi la wanamaji wakahudumu katika jahazi lake. Si mtu ambaye ungemtazamia kuwatetea wanyonge.

Mwaka 1834 akawa gavana wa Jamaika. Tarehe 1 Agosti utumwa ulikoma kisheria, lakini mtumwa aligeuzwa mwanagenzi, akimfanyia bwana wake kazi bila ujira zaidi ya saa 40 kwa wiki. Uingereza ilitenga pauni milioni 20 kuwafidia mabwana, Sligo akiwamo. Waliotumikishwa hawakupewa kitu. Magerezani waliadhibiwa kwa gurudumu la vidato: mfungwa alifungwa mikono juu, na asipokwenda sambamba na mzunguko, vidato vilimchuna miguu. Sligo aliyaandika hayo kwa wakubwa wake London, akasimama na mahakimu waliosikiliza mashtaka ya wanagenzi. Baraza la wenye mashamba likamgomea. Mwaka 1836 akaondoka. Miaka miwili baadaye alitangaza kuwaachia huru wanagenzi wake mwenyewe, wakati sheria iliwaruhusu mabwana kuwashika watu wa shamba hadi 1840. Kwangu mimi, hilo ndilo tendo lake kubwa, kwa sababu lilimgusa mfukoni.

Unguja, Sultani Sayyid Hamoud bin Mohammed alitia saini hati ya kukomesha utumwa ya 6 Aprili 1897, miezi michache baada ya mizinga ya Uingereza kumweka kitini. Hapa pia bwana alifidiwa. Ila mtumwa ilimbidi aende mwenyewe kortini kuomba uhuru, aonyeshe ana makazi na riziki. Masuria waliachwa nje hadi 1909. Watumwa wengi hawakwenda kortini. Katika Uislamu kumwacha mtumwa huru ni thawabu, na ni kafara ya baadhi ya makosa. Uhuru ulitoka mdomoni mwa bwana, na kwa waumini wengi karatasi ya serikali haikuweza kushika nafasi yake.

Jamaika, kanisa la Kibaptisti lilishika njia nyingine. Mchungaji James Phillippo alinunua eka 25 mwaka 1835, akazigawa viwanja; kijiji kikaitwa Sligoville. Kiwanja cha kwanza alikinunua Henry Lunan, aliyekuwa mtumwa. Waachwa huru wa Unguja wengi walibaki kwenye mashamba ya karafuu, wakipalilia ili waruhusiwe kulima muhogo chini ya mikarafuu ya mwingine. Tofauti hiyo ya ardhi naiona nzito kuliko maneno yote ya sheria ya Jamaika na hati ya Unguja.

Sligo alifariki Januari 1845. Mwaka huohuo viazi vilianza kuoza Ayalandi, na wapangaji wa Westport hawakuwa na kiwanja chao cha kushika.